Kwa Watu Ingénieur, kwa Mashine Mwanafunzi

Jumapili, 14 Septemba

Leo avenue yetu hapa Kasongo imekuwa nyeupe. Yaya Ayoubu, kaka yangu mkubwa, alifika jana kutoka Kindu na habari kwamba amemaliza chuo cha ujenzi, na asubuhi hii Mama alimmwagia poudre, poda ile ya watoto, kichwani kama tunavyofanya kwa kila aliyefaulu. Wakafuata majirani, halafu watoto ambao hawakujua hata ni nani amefaulu nini. Baba mdogo Abedi, mdogo wa marehemu baba, alifunga duka lake, jambo ambalo hafanyi hata siku ya msiba, akaja na kopo lake mwenyewe.

"Inama, Ingénieur," alimwambia. "Uko murefu kupita masomo yako."

Mimi nilimwaga kidogo begani nikarudi nyuma, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Yaya akanivuta mkono.

"Malaika, wewe hata poudre unaimwaga kwa sauti ya chini."

Nimeanza kuandika leo ili nisisahau masika haya, ya kwanza kwa Yaya akiwa ingénieur. Bila shaka nitaandika na mambo ya shule, lakini hayo ni machache.

Jumatatu, 15 Septemba

Sonia, ninayekaa naye dawati moja, alininusa nywele wakati wa Kifaransa akasema bado nanuka sherehe.

Jumamosi, 20 Septemba

Yaya ameweka kompyuta yake dukani kwa Baba mdogo, kwenye kona ya mifuko ya chumvi, kwa kuwa pale kuna umeme wa jua. Leo amenionyesha programu anayochorea nyumba. Unavuta mstari, unaandika urefu, ukuta unasimama. Halafu unaizungusha nyumba nzima kama mtu anayezungusha nanasi akitafuta pa kuanzia kumenya. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi.

Aliniambia kwamba kampuni inayotengeneza programu hiyo huwapa wanafunzi leseni ya mwaka mmoja kwa bei ndogo sana. Watu wengine wanalipa bei kamili. Alipoitaja bei kamili, Baba mdogo aliuliza kama wanauza programu peke yake au pamoja na mtu aliyeitengeneza.

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli. Shuleni bati lilipiga kelele hata mwalimu wa historia akakaa tu, akatutazama.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo amekuja mgeni kutoka Wamaza, Mama Régina. Ni mkunga, na ni mkuu wa kamati ya wanawake wanaotaka kujenga maternité, nyumba ya kuzalia. Alikaa siku nzima juu ya pikipiki, na bado aliposhuka alimsalimia Mama kwanza, akanawa uso, ndipo akakubali kiti. Alisema wanawake wa Wamaza wanazalia katika nyumba ya vyumba viwili, na mvua ikinyesha mama mmoja husogezwa ili mwingine asiloe. Wakati wa kiangazi wamechoma matofali wenyewe. Matofali yapo, yamepangwa, yamefunikwa kwa majani. Kinachokosekana ni plan, mchoro wa jengo, na bila plan ofisi ya territoire, ile ya serikali huko Kabambare, haiwezi kuwapa kibali. Wanataka kufunga kamba za msingi kabla ya Noeli, wakati wanaume wote wako nyumbani na hawana pa kukimbilia.

"Tuliambiwa hapa iko ingénieur," alisema.

"Iko mbele yako," Mama akajibu, kabla Yaya hajafungua mdomo.

Walielewana juu ya malipo. Ni kazi yake ya kwanza. Yaya alipomsindikiza hadi barabarani alitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Jumanne, 14 Oktoba

Plan ya kwanza imetoka katika mashine ya secrétariat, kibanda cha kuchapishia karatasi jirani na duka. Vyumba vitano, baraza, mahali pa kunawia. Nzuri sana. Lakini pembeni mwa karatasi, chini kabisa, programu yenyewe imeandika mstari mmoja wa Kifaransa unaosema kwamba mchoro huu umetengenezwa kwa toleo la wanafunzi. Yaya hakuuandika yeye, na hawezi kuufuta. Alichukua wembe na rula akaukata ule ukingo, taratibu, mstari ulionyooka kabisa. Kile kipande chembamba alikikunja akakitia mfukoni.

Nilimsifu kwa kukata vizuri. Baadaye, nikiosha vyombo, nilijiuliza kwa nini hakukitupa tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kompyuta imeleta tangazo: leseni itakwisha tarehe 20 Novemba, na anayetaka kuendelea aombe tena. Yaya aliniita.

"Wewe unapenda kusoma hata maandishi ya kiberiti. Soma haya masharti, uniambie kama mutu aliyemaliza anaweza kuendelea."

Masharti yenyewe ni marefu kuliko kitabu chetu cha uraia. Nimefurahi sana kuombwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimesoma siku tatu, kila alasiri kidogo, hadi betri inalegea. Leo nimelipata jibu. Limeandikwa wazi: leseni ya mwanafunzi haifi siku ya kumaliza masomo. Inaendelea mpaka tarehe yake iliyoandikwa, hata kama mwenyewe ameshatoka chuoni.

Nilikimbia kumwambia. Yaya alinipigia makofi mbele ya wateja, nikajificha nyuma ya chumvi.

Jumanne, 21 Oktoba

Interro, jaribio la hesabu. Afadhali nisiseme.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nilikuwa nimeacha kusoma pale niliposhangilia. Leo niliendelea kusoma, kwa sababu kuacha kitu katikati kunanisumbua, nikakuta mambo mawili.

La kwanza: baada ya tarehe kufika, anayeomba tena lazima awe ameandikishwa chuoni mwaka huo huo.

La pili ni baya zaidi. Leseni hii ni ya kujifunzia tu. Kazi ya kulipwa hairuhusiwi, umemaliza au hujamaliza. Kumbe hata lile jibu langu zuri halisaidii. Leseni iko hai, ndiyo, lakini haikupewa uhai kwa ajili ya maternité ya Wamaza.

Nilijaribu kumwambia asubuhi, akawa anapiga mswaki. Mchana alikuwa na Dady, anayebeba watu kwa pikipiki. Jioni nilisema, "Yaya, yale masharti," akasema, "Ndiyo, ulifanya kazi nzuri," nikaenda kulala.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemwambia. Nilichagua vibaya mahali: dukani, siku ya soko. Yaya alisikiliza hadi mwisho, halafu akawageukia watu akicheka.

"Musikie mudogo wangu. Anasema mimi si étudiant tena."

Dady, aliyekuwa ananunua mafuta ya mnyororo, akauliza, "Diploma iliisha kutoka?"

"Bado. Iko Kinshasa."

"Basi uko étudiant. Juzi nilikubeba kwa bei ya étudiant. Ao niongeze?"

Mwalimu Fidèle wa shule ya msingi alikuwa anangoja sukari. "Mimi nilimaliza, nikaoa, nikazaa watoto wane, ndipo diploma ikafika. Bibi yangu aliipokea akaniuliza ni ya nani. Miaka hiyo yote nilikuwa étudiant, na hakuna mutu alinikataa."

Wote walikubaliana. Hapa kwetu ndivyo ilivyo: mpaka karatasi ishuke kutoka Kinshasa, mtu bado yuko chuoni, hata kama ana mvi. Hawakuwa wanadanganya. Ndivyo wanavyoamini.

Baba mdogo alikuwa anafunga mfuko wa sukari. Alisema bila kuinua kichwa, "Mimi siku ile nilifunga duka. Kama mutoto hakumaliza, munirudishie wateja wangu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kwa watu uko Ingénieur, kwa mashine uko mwanafunzi. Siku watu na mashine watakutana, utasimama upande gani?"

"Baba mdogo, wale wa kampuni hata hawajui Kasongo iko wapi," Yaya akasema.

"Ni wao hawajui. Wewe unajua."

Niliona ukali ule haukustahili mbele ya watu. Baba mdogo hapendi kuona mtu akipanda. Hata mimi hunitania kwamba nasoma ili niogope kwa Kifaransa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua siku nzima. Nguo hazikauki.

Jumatatu, 10 Novemba

Yaya amekwenda Wamaza kupima kiwanja. Alichora plan bila kukiona, kwa maelezo ya Mama Régina tu. Dady amembeba. Kompyuta ameiacha dukani, isilowe. Aliniambia, "Nitarudi siku nne. Mambo ya leseni nitayafanya mwenyewe." Nilishukuru kimoyomoyo.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua. Watu waliotoka upande ule wanasema daraja la magogo limechukuliwa na maji. Mama anasema Wamaza kuna chakula, asiwe na wasiwasi mtu. Amesema hivyo mara nyingi mno leo.

Jumatatu, 17 Novemba

Shuleni tulibaki kumi na wawili tu darasani, wengine wamezuiwa na maji. Sonia alinakili kazi yangu ya Kifaransa pamoja na kosa langu.

Jumanne, 18 Novemba

Nataka kuandika haya kwa mpangilio, maana kichwani hayana mpangilio.

Baada ya shule nilipita dukani. Simu ya Baba mdogo ililia, akanipa. Ilikuwa Yaya. Alikuwa amepanda kilima kutafuta réseau ya simu, na upepo ulikuwa unakula nusu ya maneno.

"Malaika, siwezi kuvuka mpaka wiki ijayo. Fungua kompyuta. Unganisha na simu ya Baba mdogo. Iko ukurasa wa kuomba tena."

Nilifungua. Ukurasa ulikuja polepole, kipande kwa kipande. Nikamsomea: wanauliza kama umeandikishwa chuoni mwaka huu wa masomo. Ndiyo au Hapana. Chini kuna kisanduku cha kutia alama, kinasema: nathibitisha kwamba niliyojibu ni kweli.

"Bonyeza Ndiyo, utie alama, basi."

"Yaya, lakini hujaandikishwa."

"Diploma yangu iko wapi?"

"Kinshasa."

"Basi?"

"Hawaulizi diploma. Wanauliza kuandikishwa."

Nilisikia upepo tu, nikadhani amekatika. Halafu akasema, taratibu, kama anavyosema akiwa mwema kabisa, "Mudogo wangu, jana usiku alizaa mama mmoja hapa. Maji yaliingia mpaka chini ya kitanda. Mama Régina alimuzalisha miguu ikiwa katika maji. Wewe unanielezea habari ya kisanduku?"

Halafu simu ikakatika kweli.

Nilikaa mbele ya ule ukurasa. Nilifikiria yule mama. Nilifikiria matofali chini ya majani. Nilijiambia kwamba hakuna atakayeumia nikibonyeza. Kampuni ni kubwa, nyumba ni ndogo, na Kasongo nzima ingesema ni sawa. Niliusogeza mshale hadi juu ya Ndiyo. Ulibadilika ukawa kamkono kadogo.

Nikamwuliza Baba mdogo nifanye nini. Nilitaka anikataze, ili lawama iwe yake.

"Mimi sitabonyeza, wala sitakuzuia," alisema. "Lakini sogea pembeni kidogo, unaziba mulango."

Nikasogea. Hata Hapana sikubonyeza, kwa sababu na hilo lingekuwa kumsemea. Chini ya ukurasa kulikuwa na mahali pa kuuliza swali. Nikaandika kwa Kifaransa, kwa jina langu mwenyewe na namba ya simu ya Baba mdogo, kwamba mimi ni mdogo wa mtu mwenye leseni. Kwamba kwetu matokeo hutangazwa mwaka mmoja na diploma hufika mwaka mwingine. Je, katika miaka ya katikati mtu huyo ni mwanafunzi au amemaliza? Na je, anaweza kuchora maternité? Nilisoma mara tatu kutafuta makosa, nikatuma. Nikafunga kompyuta.

Nyumbani niliacha chakula nusu. Mama aliniuliza kama nina malaria.

Jumatano, 19 Novemba

Yaya alipiga tena, nikiwa shuleni. Baba mdogo alipokea. Nilimwuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia uko darasani. Ilikuwa kweli."

Alhamisi, 20 Novemba

Hakuna jibu la kampuni. Baada ya shule nilipita mbele ya duka mara mbili, sikuingia.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimeifungua. Programu inakubali kuonyesha michoro, lakini kalamu yake imekufa. Unaweza kutazama nyumba, huwezi kusogeza hata mlango.

Jumapili, 23 Novemba

Yaya amerudi na matope hadi kiunoni. Hakuoga. Alikwenda moja kwa moja dukani, akafungua kompyuta, akatazama. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti na kanga ya kumfutia.

"Hukubonyeza."

"Hapana, Yaya."

"Sikukuomba maoni, Malaika. Nilikuomba kidole."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema ameahidi wale mama plan kabla ya mwezi kwisha, tena kiwanja chenyewe kina mteremko ambao Mama Régina hakuusema, kwa hiyo mchoro wote ni wa kurekebishwa, na sasa hana cha kurekebishia. Alisema nimemfunga mikono mbele ya watu waliomwamini. Kisha akanipita bila kuchukua ile kanga.

Jumanne, 25 Novemba

Leo ndipo nimepata jibu ambalo ningempa: kidole kilikuwa changu. Lakini jibu likichelewa siku mbili linakuwa ugomvi, kwa hiyo naliandika hapa tu.

Hanisemeshi. Chakula anakula. Anasema "chumvi" na Mama anamsogezea, hata kama iko mbele yangu.

Jumatano, 26 Novemba

Nilidhani Baba mdogo atamcheka. Nilimngojea amcheke ili nimchukie vizuri. Leo nilipotoka shuleni nilikuta ameng'oa mlango wa stoo yake, ule mpana wa mbao ya mti wa libuyu, ameulaza juu ya mapipa mawili karibu na dirisha. Amesukuma chumvi, mchele na sabuni upande mmoja, duka limebaki nusu.

Yaya alikuwa amesimama anautazama.

"Mulikuwa munachorea nini mwaka wa kwanza?" Baba mdogo akamwuliza.

"Meza. Na kalamu. Na rula ya T."

"Meza ni hii. Rula utatengeneza, uko ingénieur."

"Na stoo yako, itakaa wazi?"

"Nitalala humo. Bibi yangu atafurahi, anasema ninakoroma."

Yaya akausogelea ule mlango. Alipitisha kiganja juu ya mbao kutafuta mahali penye vinundu. Baba mdogo akarudi kuuza mshumaa, na hakutamka neno juu ya mwanafunzi wala mashine.

Alhamisi, 27 Novemba

Jibu limekuja, katika simu ya Baba mdogo. Linaanza: "Bonjour Malaika." Mtu ambaye sitamwona kamwe ameandika jina langu.

Anasema swali langu ni zuri na hawajawahi kuulizwa hivyo. Kwao, mtu amemaliza siku chuo chake kilipotangaza matokeo, hata kama diploma haijafika. Leseni iliendelea kuwa halali hadi tarehe yake, lakini kwa kujifunzia tu. Plan ya kulipwa haikuruhusiwa hata kabla ya hapo. Na anasema kuna leseni nyingine kwa waliomaliza karibuni, bei yake iko katikati, inaruhusu kazi ya kulipwa, na cheti cha muda cha chuo kinatosha kuthibitisha.

Nimemwachia Yaya simu juu ya mlango wa stoo, ujumbe ukiwa wazi, nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 28 Novemba

Ameusoma. Najua kwa sababu ameuliza Mama cheti chake cha muda kiko wapi. Kwangu hakuna neno.

Jumamosi, 29 Novemba

Asubuhi Yaya alikuwa akichora peke yake, na kila mara alisimamisha kalamu, akageuka kutazama vipimo alivyoandika Wamaza, akarudi, akasahau, akageuka tena. Nilikuwa napanga sabuni. Nilivumilia hadi nikashindwa. Nikachukua zile karatasi, nikasimama ng'ambo ya mlango anaochorea, nikasoma kwa sauti: "Ukuta wa kaskazini. Mita tisa na sentimita arobaini."

Alichora.

"Dirisha. Mita moja na ishirini."

Alichora. Tuliendelea hivyo mpaka saa sita. Hatukusema kitu kingine chochote, ila namba.

Jumatatu, 1 Desemba

Namba.

Jumanne, 2 Desemba

Namba. Na mara moja, "Soma tena, ulimeza neno."

Alhamisi, 4 Desemba

Watu wanakuja dukani kutazama tu. Mwalimu Fidèle alikaa juu ya gunia saa nzima. Dady aliuliza kwa nini Yaya hatumii kompyuta, na iko pale pale.

Nilingoja kusikia atasema nini. Angeweza kusema mdogo wake ameiharibu.

"Ile ilikuwa ya shule," Yaya akasema.

"Kwani shule iliisha?"

Yaya alipuliza vumbi la raba juu ya karatasi. "Nishikie hii pembe, Dady, usiweke mafuta."

Alikosea ukuta mmoja leo, akalazimika kuanza karatasi upya. Kwa mashine ingekuwa kubonyeza tu. Alilaani kwa Kibangubangu, lugha ambayo Mama anaisikia na sisi tunajifanya hatuijui. Sitaki kuandika kwamba kuchora kwa mkono ni bora. Ni polepole, mgongo unauma, na leo ametoka amekunja uso kama mzee.

Jumamosi, 6 Desemba

Imekwisha. Imechelewa siku chache. Mama Régina alitumiwa habari, akajibu kwa sauti kwenye simu kwamba wao wameshazoea kungojea vitu vinavyotoka tumboni kwa wakati wake.

Kona ya chini kuna mahali pa jina la aliyechora. Yaya ameandika jina, tarehe, na maneno "technicien en construction", yaani fundi wa ujenzi. Nilitazama hadi wino ukakauka. Akaniona natazama.

"Ni ndogo kuliko ingénieur," alisema. "Lakini ndiyo iko kwenye cheti."

Ni sentensi yake ya kwanza kwangu isiyo na namba.

Jumatano, 10 Desemba

Yaya amerudi kutoka Kabambare. Ofisi imekubali plan, ila walimwambia choo kiko karibu mno na kisima. Alikisogeza pale pale, kwa raba na penseli, juu ya meza yao. Mitihani yetu imeanza. Kifaransa kilikuwa chepesi.

Jumamosi, 13 Desemba

Yaya alikaa mbele ya kompyuta leo, nami niliendelea kupanga vitu. Alifungua ule ukurasa wa kuomba tena. Alibonyeza Hapana. Ukamwuliza tarehe aliyomaliza, akaiandika. Halafu akamwandikia yule mtu wa kampuni kwamba ataomba leseni ya waliomaliza baada ya kulipwa kazi yake ya kwanza. Alinisomea barua yake nitazame makosa. Yalikuwa mawili. Nilisema moja tu, lile jingine halikuwa na madhara.

"Ile siku kwenye kilima," alisema akiwa bado anatazama kioo cha kompyuta, "nilijua kwamba hutabonyeza. Ndiyo maana nilikuambia habari ya yule mama."

 Nikasema, "Alikuwa kweli yule mama?"

"Alikuwa kweli. Mutoto ni msichana."

Nimeandika haya mara mbili, nikifuta, kwa sababu sijui kama ninamwona Yaya mdogo zaidi kuliko zamani au mkubwa zaidi. Zamani sikuwa ninamwona, nilikuwa ninamtazama juu tu.

Ijumaa, 19 Desemba

Likizo. Mama amekubali niende Wamaza pamoja na Yaya. Daraja limewekwa magogo mapya.

Jumatatu, 22 Desemba, Wamaza

Mvua imetupa nafasi asubuhi. Tumefunga kamba. Vijiti vimepigwa chini kila kona, kamba imevutwa kutoka kijiti hadi kijiti, na mahali palipokuwa na nyasi sasa pana vyumba vitano unavyoweza kuvuka kwa kuinua mguu. Wanawake walikuja wote. Hawakusimama pembeni kama nilivyodhani. Waliingia. Mmoja mwenye tumbo kubwa alilala chini ndani ya chumba cha kuzalia, akanyoosha miguu, akasema kitanda kikikaa hapa mlango utamwonyesha kwa kila anayepita barabarani. Wengine wakacheka, wakamwambia hata hivyo barabara nzima inamjua. Mama Régina hakucheka. Alikwenda barabarani, akachuchumaa, akatazama.

"Anasema kweli," alisema. "Anaonekana."

Yaya alikuwa na plan yenye muhuri mkononi. Niliona anafikiri. Angeweza kusema Kabambare wameshakubali. Akang'oa vijiti viwili, akahamisha mlango upande wa kisima, akanipa ncha ya kamba niivute, akaandika badiliko kwenye karatasi na saini yake pembeni.

Bibi mmoja mzee alikuwa akimfuata kila hatua, mikono mgongoni.

"Wewe, mwanangu, ni wewe umechora hii?"

"Ni mimi, bibi."

"Bado uko ku masomo?"

Nilikaza kamba. Mama Régina aligeuka, na yule mwenye tumbo, bado amelala chini, aliinua kichwa kusikiliza.

"Hapana, bibi," Yaya akasema. "Niliisha maliza."

Bibi akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyake vya matope, kama anayechagua kuku sokoni.

"Basi ni vizuri," alisema. "Nyumba ikivuja, tutajua mulango gani wa kubisha."

"Mutabisha," Yaya akasema. "Nitafungua."